Usifomati Kwanza: Shajara ya Laptopu Saba, Kondele

Jumatatu, wiki ya kwanza

Mezani kuna laptopu saba, zote za nyumbani. Mbili ni za hapa Kondele, mbili za Manyatta, moja ya Mamboleo, moja imeletwa kwa matatu kutoka Ahero, na ya saba imefika kama kifurushi kutoka Kakamega. Sita ni za mtumba, zilizozeekea ofisini ng'ambo kabla ya kuuzwa Kisumu. Wenyewe wameeleza shida saba tofauti, wote wakamalizia na dawa moja: "Ifomati tu."

Lengo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kila mashine iwake, faili za mwenyewe zibaki, na ikibidi kufomati (kufuta diski na kusakinisha mfumo upya), sababu iandikwe kabla ya flashi kuchomekwa. Kufomati huonekana dawa ya kila kitu kwa sababu laptopu hurudi nyumbani ikiwa nyepesi. Lakini diski inayokufa itapokea mfumo mpya juu ya sehemu zilezile mbovu, na mashine isiyo na betri itazimika katikati ya kuandika siku stima itakapopotea tena. Baada ya wiki mbili mteja yuko mlangoni, na safari hii hana hata picha za harusi.

Kabla ya Windows kuguswa, kila mashine imewashwa kwa flashi ya Linux Mint, mfumo mwingine usio Windows (GB 8 zinatosha), bila kusakinisha kitu, ili diski isomwe na faili zinakiliwe nje. Diski inasomwa hivi:

sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Mistari inayotazamwa ni mitatu: 5 (sehemu zilizokwisha kuhamishwa), 197 (zinazosubiri kwa sababu hazisomeki) na 198 (zilizoshindikana kabisa). Anayetumia programu ya CrystalDiskInfo ndani ya Windows ataiona kama 05, C5 na C6. Sifuri kwenye 197 ni habari njema. Namba inayopanda kutoka asubuhi hadi jioni ni diski ya kuhamwa leoleo.

Angalizo moja kuhusu kunakili: Windows ikizimwa kwa njia ya kawaida huwa haizimiki kabisa, huacha sehemu ya mfumo imelala ndani ya diski ili iwake haraka kesho. Linux ikikuta hali hiyo hufungua diski kwa kusoma tu, au hukataa. Zima kwa amri `shutdown /s /t 0`, au shikilia Shift unapobonyeza kuzima.

Matokeo ya leo: mashine ya 2 ina 48 kwenye mstari wa 5 na 216 kwenye 197. Nyingine sita ni safi.

Jumanne: mashine ya 2, duara linazunguka halifiki

Diski ni ya kuzunguka, GB 500, mizunguko 5400 kwa dakika. Fundi wa kwanza alikuwa ameshauri `chkdsk /r`. Kwa diski yenye afya ushauri huo hauna ubaya. Kwa hii ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo kupanda mlima wa Riat. Amri hiyo husoma kila sehemu ya diski, ikikwama hurudiarudia, na vipande vya faili visivyojulikana ni vya wapi huvitupa kwenye folda ya found.000. Ikimaliza, diski imechoka zaidi na faili zimekatwakatwa.

Kilichofanyika ni kunakili diski nzima kwanza, kisha kurekebisha nakala:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL
sudo apt install gddrescue
sudo ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map
sudo ddrescue -d -f -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Mstari wa kwanza si pambo. Ukibadilisha sda na sdb kimakosa, diski mpya tupu itaandikwa juu ya diski yenye faili, na hapo hakuna kurudi. Soma ukubwa na jina la kiwanda, mwenzako naye asome. Raundi ya kwanza (-n) huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka pabaya. Ya pili hurudi pabaya mara tatu. Faili ya ramani ihifadhiwe kwenye flashi nyingine, maana ikiwa ndani ya ile Linux ya flashi hupotea mashine ikizimika, nayo ndiyo inayoruhusu kazi kuendelea ilipokatikia.

Kosa la ununuzi linalorudi kila mara: SSD (diski isiyozunguka) ya GB 480 haiwezi kupokea nakala ya diski ya GB 500, hata kama nusu ya diski ni tupu. Nakala ya aina hii huhesabu sehemu, haihesabu faili. Imenunuliwa ya GB 512, inchi 2.5, unene milimita 7.

Raundi ya kwanza: saa tano na ushee. Diski yenye afya ya aina hii ingemaliza kwa saa mbili hivi, kwa hiyo muda wenyewe ni kipimo cha ugonjwa. Kilichobaki bila kusomeka ni chini ya MB 2. Baada ya SSD kufungwa ndani: `chkdsk C: /f` kwenye nakala, halafu `sfc /scannow`. Windows imewaka. Faili mbili za mfumo zilikuwa mbovu na zimebadilishwa.

Jumatano: mashine ya 4, skrini ya buluu INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE

Hii ndiyo iliyofundisha zaidi, na vifaa vyake havizidi bei ya sahani ya chakula kibandani.

Skrini ya buluu ya namba 0x7B inasema Windows imeanza kuwaka kisha ikashindwa kuiona diski yake. Diski ni nzima (ilipimwa Jumatatu), faili zinaonekana zote. Kabla ya skrini ya buluu kulikuwa na onyo jingine ambalo mwenyewe alizoea kuliruka kwa F1: saa haijawekwa. Onyo hilo ndilo lililokuwa na jibu.

Ndani ya laptopu kuna betri ndogo ya saa, CR2032, ya volti 3. Hii ilipimwa volti 2.1. Betri hiyo ikifa, laptopu ikichomolewa na betri kubwa ikiisha, BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows) ya baadhi ya mashine hurudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Kwenye Dell nyingi za ofisini mpangilio huo wa diski ni RAID On. Windows hii ilikuwa imesakinishwa diski ikiwa AHCI, njia nyingine ya kuzungumza na diski. Ikiamka kwenye RAID, draiva (programu ya kuendesha kifaa) inayohitajika haijaandaliwa kuanza mapema, kwa hiyo diski haionekani. Hakuna faili iliyoharibika hata moja.

Tiba: F2 wakati wa kuwasha, System Configuration, SATA Operation, chagua AHCI, hifadhi. Imewaka mara ya kwanza.

Ikiwa mtu anataka kubadilisha mpangilio huo kwa makusudi bila kusakinisha upya, njia ni kupitia hali salama. Ndani ya Windows, kwenye kidirisha cha amri cha msimamizi: `bcdedit /set safeboot minimal`. Washa upya, ingia BIOS, badilisha, acha iwake katika hali salama (hapo hupakia draiva zote za msingi), kisha `bcdedit /deletevalue safeboot` na uwashe tena.

Betri yenyewe kwenye laptopu haikai kwenye kikombe kama ya kompyuta ya mezani. Imefungwa kwa plastiki, ina nyaya mbili na soketi ndogo. Nunua yenye waya, na ulinganishe upande wa waya mwekundu kabla ya kuchomeka, maana zipo zilizogeuzwa. Kuchomelea waya juu ya betri kwa pasi ya risasi ni kuipasha joto hadi ivimbe.

Saa mbovu ina uovu mwingine. Tarehe ikirudi nyuma miaka, kivinjari hukataa karibu kila tovuti kwa madai kwamba cheti si halali, na masasisho hayashuki. Watu hulaumu Wi-Fi. Tena mashine za mtumba hufika zikiwa na saa za London, kwa hiyo hata tarehe ikiwa sawa, saa inachelewa kwa mbili au tatu:

tzutil /s "E. Africa Standard Time"
net start w32time
w32tm /resync

Alhamisi: mashine ya 6, "Windows ni nzito"

Kidhibiti kazi (Ctrl+Shift+Esc), ukurasa wa utendaji: prosesa ya 2.4 GHz inakimbia 0.78 GHz na haipandi hata ikilemewa. Betri imeandikwa imechomekwa lakini haichaji. Alama hizi mbili zikikutana kwenye Dell, acha Windows, shika chaja.

Chaja hizo zina sindano nyembamba katikati ya kichomeo inayobeba utambulisho. Volti 19.5 hufika kwa njia nyingine, kwa hiyo multimita itasema chaja ni nzima. Lakini laptopu isiposoma utambulisho haijui chaja ni ya wati ngapi, inakataa kuchaji betri na inapunguza kasi ya prosesa ili isizidiwe. Mwenyewe ameshafomati mara mbili kwa ajili ya sindano iliyopinda. Chaja nyingine ya wati 65 ilipochomekwa, kasi ilipanda hadi 2.8 GHz bila hata kuwasha upya. Kama isingepanda, kifaa kinachofuata ni soketi ya kupokea umeme ndani ya laptopu, ambayo kwenye modeli nyingi ni kipande chenye waya wake na haihitaji kuchomelewa.

Mashine hiyohiyo ilikuwa na feni iliyozibwa na sufi ya vumbi pamoja na vijidudu vya ziwa vilivyofuata mwanga wa skrini usiku. Prosesa ilifika nyuzi 97 ndani ya dakika nne. Imesafishwa, pesti kuukuu ya kupitisha joto imefutwa kwa spiriti ya isopropili, tone jipya lenye ukubwa wa punje ya dengu. Sasa inasimama nyuzi 78. Unapopuliza hewa, zuia feni isizunguke kwa kidole.

Betri kubwa: `powercfg /batteryreport` hutoa ripoti ya kulinganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Hii imebaki na chini ya robo. Imeandikwa kwenye risiti ya mwenyewe kwamba betri ibadilishwe, kwa sababu stima ikipotea ghafla hii itazimika ikiwa katikati ya kuandika, na kazi yote itarudi hapa.

Ijumaa: mashine ya 1, sasisho linakataa na kurudi

Kosa 0x80070070. Maana yake diski imejaa. SSD ya GB 128 (Windows huionyesha kama 119, ni tofauti ya kuhesabu, hakuna aliyeiba) ilikuwa imebakiwa na GB 1.3.

Kilichotoa nafasi, kwa mpangilio wa faida: folda ya Windows.old kupitia `cleanmgr` na kubonyeza kusafisha faili za mfumo. Video za WhatsApp zilizohamishiwa diski ya nje mwenyewe akiwepo. `Powercfg /h off`, inayofuta hiberfil.sys (karibu asilimia 40 ya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, hapa GB 3.2) na pia kuondoa ule uzimaji wa nusunusu uliotajwa Jumatatu, mwishowe `dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup`. Sasa kuna GB 34 wazi. Usifute kitu kwa mkono ndani ya C:\Windows\WinSxS hata kama folda inaonekana kubwa. Sehemu kubwa ya ukubwa ule ni faili zinazohesabiwa mara mbili.

Sasisho liliendelea kugoma, sasa kwa sababu ya vipande vilivyoshuka nusu bando likaisha. Kwenye kidirisha cha amri cha msimamizi:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Likashuka na kuingia. Kwa mtu anayetumia intaneti ya simu, weka alama ya mtandao wa kupimwa (metered) kwenye sifa za Wi-Fi hiyo, na kwenye Delivery Optimization ruhusu kompyuta za mtandao wa ndani pekee. Bila hivyo laptopu inaweza kuwapelekea watu wasiojulikana masasisho kwa bando la mwenyewe.

Jumatatu, wiki ya pili: mashine ya 5, kila siku kosa jipya

MEMORY_MANAGEMENT asubuhi, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA mchana, kivinjari kikijifunga katikati. Kosa moja linalojirudia huelekea kwenye draiva. Makosa yanayobadilikabadilika huelekea kwenye RAM. MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, fimbo mbili za RAM pamoja: makosa kabla ya raundi ya kwanza kuisha. Fimbo A peke yake, raundi nne safi. Fimbo B ilifutwa meno kwa raba na spiriti, ikajaribiwa kwenye nafasi zote mbili, makosa palepale. Imetolewa.

Hapa kuna mtego: usiendeshe sfc wala DISM (amri za kukarabati faili za mfumo) kabla ya RAM kupona. Ukarabati husoma faili nzuri, huipitisha kwenye RAM mbovu, na kuandika takataka kwa uaminifu mkubwa.

Fimbo mpya iwe DDR3L ya volti 1.35, pini 204. DDR3 ya volti 1.5 inaingia kwenye nafasi hiyohiyo bila kulazimishwa, lakini mashine hii haitawaka nayo. Madukani hapa huchanganywa kwenye sanduku moja. Tafuta herufi L baada ya PC3 kwenye lebo. Kwa sasa inakwenda na GB 4.

Ukarabati wa mfumo baada ya hapo ulitumia flashi ya usakinishaji badala ya bando:

dism /online /cleanup-image /restorehealth /source:wim:E:\sources\install.wim:1 /limitaccess
sfc /scannow

Toleo kwenye flashi lazima lifanane na lililo ndani. Ikiwa faili ni install.esd, andika esd mahali pa wim, na namba ya mwisho ithibitishwe kwa `dism /get-wiminfo /wimfile:E:\sources\install.wim`. Asilimia ikisimama kwenye 62.3 kwa muda mrefu, iache.

Jumanne: mashine ya 3, inadai tarakimu 48

Ya Kakamega, Windows 11, ndiyo pekee iliyonunuliwa mpya. Fundi wa kwanza alizima Secure Boot (kinga inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka) ili flashi yake iwake, kisha akasasisha BIOS. Diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, jambo ambalo mashine mpya hujifanyia zenyewe mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, nayo ilipoona mabadiliko ikadai ufunguo wa tarakimu 48.

Kwanza Secure Boot iliwashwa tena. Mara nyingine kurudisha mpangilio ulivyokuwa hutosha kabisa. Hapa haikutosha kwa sababu ya ile BIOS mpya. Akaunti ya baba mwenye laptopu haikuwa na kitu. Ufunguo ulipatikana kwenye akaunti ya binti yake, aliyeiwasha laptopu siku ilipotoka dukani: account.microsoft.com/devices/recoverykey. Linganisha herufi nane za kwanza za kitambulisho kilicho kwenye skrini na kile cha kwenye ukurasa, maana akaunti moja inaweza kuwa na funguo kadhaa.

Bila ufunguo huo hakuna fundi wa Kisumu wala wa ng'ambo wa kuzifungua faili zile. Anayeahidi anauza upepo. Kabla ya kugusa BIOS ya mashine yoyote mpya, andika `manage-bde -status`, na kama imefungwa, `manage-bde -protectors -disable C:` kwanza.

Jumatano: mashine ya 7, na swali la Windows 10

Flashi ya mwanafunzi ilipita saiba ikarudi na njia za mkato tupu. Faili zipo, zimefichwa, na kila njia ya mkato ikibonyezwa huendesha hati ya kirusi kwanza. Kusafisha flashi kabla ya laptopu ni kudeki mvua ikinyesha. Intaneti ilikatwa, wscript.exe ikafungwa kwenye kidhibiti kazi, folda ya kuanzia na kazi zilizoratibiwa zikakaguliwa, kisha skani ya nje ya mtandao ya Defender (kinga ya virusi ya Windows), inayowasha mashine upya na kuchukua kama robo saa. Ndipo flashi: `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, na njia zote za mkato zikafutwa. Usishangae kukuta folda isiyo na jina. Ndimo virusi vingine hurundika faili.

Mashine hii ina prosesa ya kizazi cha 4 na RAM ya GB 4. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza wa usalama kwa watumiaji wa nyumbani unafika 13 Oktoba 2026, kwa walio kwenye toleo la 22H2. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna ujanja wa kuruka ukaguzi huo. Unafanya kazi, ila matoleo ya kila mwaka hayaji yenyewe, na mwenye laptopu hatakumbuka kuyatafuta. Haukutumika kwenye mradi huu.

Mashine ya 1, 2, 4, 5 na 6 zimeandikishwa kwenye mpango wa nyongeza. Ya 7 hutumika kuandika kazi za shule na kufungua kivinjari, hakuna programu inayoidai Windows, na mwenyewe amekubali. Faili zimenakiliwa mara mbili. Sababu imeandikwa daftarini. Imefomatiwa, Linux Mint imeingia, Wi-Fi ilikosa draiva ikapatiwa kwa kuunganisha simu kwa kebo ya USB na kushiriki intaneti.

Alhamisi

Sita zimechukuliwa. Ya 5 inasubiri fimbo ya DDR3L kutoka Nakuru. Iliyofika leo asubuhi ilikuwa PC3-12800S bila L, imerudishwa na matatu ya saa nane.